Bidhaa Zisizosafirishwa Ndani ya WooCommerce: Tathmini ya Muuza Michoro ya Nguo

Duka langu la mtandaoni linauza michoro ya kukatia nguo. Mteja hununua faili la PDF, hulichapisha kwenye karatasi za A4, huziunganisha karatasi hizo kwa gundi, kisha huzitandaza juu ya kitambaa na kukata. Pamoja na michoro hiyo nauza masomo ya video, vikao vya ushauri vya saa moja vinavyofanyika kwa simu ya video na, kwa wasio na printa, nakala zilizokwisha kuchapishwa kwenye karatasi kubwa, ambazo hutumwa kwa posta. Nimezitaja bidhaa zote nne mapema kwa sababu kila moja inaligusa suala la usafirishaji kwa namna yake, na kwa sababu WooCommerce, programu ninayoitathmini hapa, huonekana nyepesi sana mpaka siku bidhaa hizo zinapokutana ndani ya kapu moja.

WooCommerce ni programu-jalizi, yaani nyongeza, ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, ikaingia mikononi mwa Automattic mwaka 2015, na kiini chake ni cha bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ilijengwa kwanza kwa ajili ya vitu vinavyofungwa kwenye boksi, na hilo linaonekana hadi leo: ukiunda bidhaa mpya bila kugusa chochote, mfumo huichukulia kuwa kitu chenye uzito, chenye urefu na upana, kinachohitaji anwani ya kupelekwa. Anayeuza faili ndiye anayepaswa kuuambia mfumo kwamba hakuna boksi.

Njia ya kuuambia ni visanduku viwili vidogo vilivyo juu ya kidirisha cha taarifa za bidhaa, kando ya orodha ya kuchagua aina ya bidhaa. Cha kwanza kinasema kwamba bidhaa haishikiki, na ukikitia alama ya vema, kichupo cha usafirishaji hutoweka papo hapo na gharama za kutuma hazikokotolewi tena kwa bidhaa hiyo. Cha pili kinasema kwamba bidhaa ni ya kupakua, nacho hufungua sehemu ya kuweka mafaili, idadi ya mara ambazo mteja anaruhusiwa kupakua, na idadi ya siku ambazo ruhusa yake itadumu. Visanduku hivi vimekaa bega kwa bega, vina ukubwa uleule, na kwa macho ya mgeni vinaonekana kama majina mawili ya kitu kimoja. Sivyo. Kama ningetakiwa kumpa muuzaji mpya neno moja tu kuhusu programu hii, lingekuwa hilo.

Mimi nililipata somo hilo kwa njia ya aibu. Nilipoweka mchoro wangu wa kwanza nilitia alama kisanduku cha kupakua peke yake, nikiamini kwamba kitu kinachopakuliwa hakiwezi kuhitaji posta. Programu haiamini hivyo, na kwa haki yake, kwa kuwa zipo bidhaa za kupakua ambazo pia hutumwa, kama vile kitabu cha karatasi kinachoambatana na faili lake. Wakati huo nilikuwa nimeweka eneo moja tu la usafirishaji, kwa ajili ya nakala zilizochapishwa. Mteja aliyekuwa nje ya eneo hilo alifika kwenye ukurasa wa malipo, akaambiwa kwamba hakuna njia yoyote ya kumtumia mzigo, na oda yake ikagoma kwenda mbele. Alikuwa anajaribu kununua PDF. Aliniandikia kwa upole akiuliza ni lini nitaanza kutuma mafaili nchini kwake.

Kosa la upande wa pili ni la kimya zaidi. Ukitia alama kisanduku cha bidhaa isiyoshikika peke yake, malipo hupita bila swali la posta, lakini oda hubaki katika hali ya kushughulikiwa na haihamii yenyewe kwenye hali ya kukamilika. Kanuni ya programu ni kwamba oda hukamilika yenyewe mara tu malipo yanapothibitishwa ikiwa kila kilichomo ndani yake kina alama zote mbili: hakishikiki, na ni cha kupakua. Kikiwemo hata kimoja kisichotimiza sharti hilo, oda nzima husubiri mkono wa muuzaji. Kwa vikao vya ushauri jambo hili ni sahihi kabisa, kwani kikao kilicholipiwa bado hakijafanyika na hakuna sababu ya kukiita kilichokamilika. Kwa michoro ingekuwa kero. Ninaupenda mpangilio huu kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu, kwa kuwa unatofautisha huduma na faili bila kumlazimisha muuzaji kuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Ninachoulaumu ni kwamba hakuna mahali, pale penye visanduku, panapoeleza matokeo haya. Maelezo mafupi yanayojitokeza ukiweka kishale juu yake yanagusia usafirishaji na ruhusa ya kulifikia faili, lakini hali ya oda hayaitaji.

Kapu lenye mchanganyiko linashughulikiwa vizuri. Mteja akichukua mchoro wa PDF pamoja na nakala ya karatasi, posta hutozwa kwa ile ya karatasi tu, na anwani huombwa kwa sababu yake. Swali linalobaki ni lini mteja huyo apewe faili lake: mara anapolipa, au siku nitakayofunga oda baada ya kwenda posta? Katika mipangilio ya bidhaa za kupakua kuna kisanduku kinachoruhusu ufikiaji mara baada ya malipo, hata kama oda bado inashughulikiwa. Kiache na alama. Rafiki yangu mmoja mwenye duka kama langu alikiondoa kwa nia ya kujilinda, na wateja wake wa makapu mchanganyiko wakawa wanasubiri siku kadhaa kupata faili ambalo lilikuwa limekaa tayari kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti.

Wanaouza kitu kimoja kwa sura kadhaa wana mtego wao. Mchoro wangu wa gauni unapatikana kama PDF na kama karatasi, kwa hiyo niliugeuza kutoka bidhaa ya kawaida kuwa bidhaa yenye machaguo. Mara baada ya kufanya hivyo, vile visanduku viwili vya juu hupotea, kwa kuwa sasa kila chaguo lina visanduku vyake ndani yake, vilivyofichwa mpaka ulifungue chaguo lenyewe. Ni mantiki nzuri, kwani PDF haisafirishwi na karatasi inasafirishwa, lakini alama ulizoweka mwanzo haziyafuati machaguo mapya. Ukiwa na saizi kumi, unatia alama mara kumi, au unatumia orodha ya vitendo vya jumla iliyo juu ya machaguo, ambayo wauzaji wengi hawaioni.

Kitu kingine kidogo, na karibu cha kuchekesha: njia ya kulipa wakati wa kupokea mzigo ina mpangilio wake wa kuamua kama itakubaliwa kwa oda zisizoshikika. Hakuna mtu atakayebisha hodi mlangoni na faili mkononi. Kama unauza vya aina zote, nenda ukauzime.

Sasa mafaili yenyewe. Ukipakia faili kwa kitufe kilicho ndani ya sehemu ya bidhaa ya kupakua, programu hulihifadhi kwenye folda yake maalumu, tofauti na folda ya picha na vitu vingine vya tovuti. Ukilipakia kupitia maktaba ya kawaida ya WordPress kisha ukabandika anwani yake, linakaa pamoja na picha zako, mahali ambapo yeyote mwenye anwani kamili analifungua bila kulipa. Folda ile maalumu inalindwa na faili dogo la amri linalosomwa na seva za Apache. Seva za Nginx, ambayo ni programu nyingine ya kuendeshea seva kama Apache, hazisomi faili hilo. Kwa hiyo kama tovuti yako imewekwa kwenye Nginx, ulinzi huo unaweza kuwa haupo kabisa mpaka mtu aandike kanuni yake kwenye mipangilio ya seva, na njia ya kujua ni rahisi: nakili anwani halisi ya faili, ifungue kwenye kivinjari ambacho hukuingia kama msimamizi, uone kitakachotokea. Nilipofanya jaribio hilo mara ya kwanza, mchoro wangu wa koti ulifunguka mbele yangu, kurasa zote thelathini na mbili, bure. Kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti yangu wakati huo ilichukua wiki nzima kunijibu, na katika wiki hiyo niliyaondoa mafaili yote dukani.

Matoleo ya miaka ya karibuni yameongeza orodha ya folda na anwani zilizoidhinishwa kwa ajili ya kupakua, ili mtumiaji mwenye mamlaka madogo dukani asiweze kuelekeza bidhaa kwenye faili lolote analotaka. Ni hatua nzuri ya usalama. Inaweza kumshangaza anayehifadhi mafaili kwenye huduma ya nje, kwa kuwa anwani ambayo haimo kwenye orodha haitakubaliwa mpaka msimamizi aiidhinishe.

Namna ya kumfikishia mteja faili ina machaguo matatu. La kwanza hulazimisha upakuaji kupitia PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, kiasi kwamba mteja haoni anwani halisi. La pili huikabidhi seva yenyewe kazi hiyo, na linahitaji seva iliyowekewa moduli husika. La tatu humwelekeza mteja moja kwa moja kwenye anwani ya faili, na programu yenyewe inakuonya kwamba si salama, kwa sababu anwani ikishaonekana inaweza kugawiwa. Kwa PDF za megabaiti chache, chaguo la kwanza linatosha na sijawahi kulilalamikia. Kwa video hadithi ni nyingine. Faili linapopitia PHP, mchakato mmoja wa seva hubaki umeshikwa muda wote mteja anapopakua, na mwenye intaneti ya polepole anaweza kuushika kwa muda mrefu kuliko seva ya bei nafuu inavyovumilia. Somo langu la kushona kola lilikuwa na megabaiti mia saba. Likawa linakatika katikati kwa kila mteja wa tatu. Nililigawa katika vipande sita, nikavipunguza ukubwa, na malalamiko yakapungua, ingawa tiba halisi ni kuziweka video mahali palipojengwa kwa ajili ya video na kuuza ruhusa ya kutazama badala ya faili.

Kikomo cha kupakua na muda wa ruhusa ni vishawishi kwa muuzaji mwenye wasiwasi. Ukiviacha wazi, mteja hupakua bila kikomo na kwa muda wote. Mwanzoni nilijaza namba moja kwenye kikomo, nikijiona mjanja. Katika wiki mbili nilipata barua pepe nyingi kuliko oda: huyu alipakua kwa simu na sasa anataka kuchapisha kutoka kwenye kompyuta, yule alibonyeza kiungo na betri ikaisha, mwingine alilihifadhi faili mahali asipopakumbuka. Kila mmoja wao alikuwa amelipa. Kwa bahati nzuri ukurasa wa oda una sehemu ya ruhusa za kupakua ambapo muuzaji anaweza kuongeza idadi iliyobaki, kusogeza tarehe ya mwisho, kufuta ruhusa au kutoa ruhusa mpya, na sehemu hiyo imetengenezwa vizuri. Hatimaye niliviacha vyote viwili wazi. Anayetaka kumpa jirani mchoro wangu atampa faili lenyewe, hana haja ya kiungo changu, na kikomo hakimzuii yeye bali kinamsumbua mteja mwaminifu.

Kwa upande wa mteja, viungo vyake humfikia kwa njia tatu: kwenye ukurasa wa shukrani mara baada ya kulipa, ndani ya barua pepe ya oda, na kwenye ukurasa wa vipakuliwa ndani ya akaunti yake. Mpangilio wa kudai mteja aingie kwenye akaunti kabla ya kupakua upo, lakini hauwahusu walionunua kama wageni bila kufungua akaunti. Muuzaji asiyejua hili anaweza kudhani amefunga mlango wakati nusu ya wateja wake hawaupitii.

Barua pepe ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya mnyororo wote, na hapa lawama haziangukii WooCommerce peke yake. WordPress hutuma barua kwa njia ya kawaida ya seva, na barua za namna hiyo mara nyingi huishia kwenye kikasha cha taka au hazifiki kabisa. Anayesubiri kifurushi huvumilia siku tatu bila kusikia neno. Aliyenunua faili akikaa dakika tano bila barua huanza kuamini kwamba ametapeliwa. Kuunganisha tovuti na huduma maalumu ya kutuma barua kwa SMTP (utaratibu wa kutumia barua pepe), na kuweka kwenye kikoa, yaani jina la tovuti, rekodi za SPF na DKIM zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwako, si kazi ya hiari kwa duka la mafaili. Ningependa programu ya umri huu iliseme hilo kwa sauti wakati muuzaji anapoweka faili lake la kwanza.

Ukurasa wa malipo nao unabeba kumbukumbu ya maboksi. Anwani ya kutuma haiombwi kapu likiwa na vitu visivyoshikika tu, lakini anwani ya malipo, pamoja na mtaa, mji na msimbo wa posta, huendelea kudaiwa kwa kawaida. Kwa mtu anayenunua faili dogo kwa simu, kujaza sehemu hizo zote ni usumbufu, na baadhi yao huachia njiani. Katika ukurasa wa malipo wa mtindo mpya unaweza kuficha simu, kampuni na mstari wa pili wa anwani kwa kubofya tu. Kuondoa mengine kunahitaji msimbo au programu-jalizi ya ziada. Kabla hujaondoa, hata hivyo, fikiria kodi. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 2015, unataka kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za kidijitali zinazouzwa kwa walaji itozwe kwa kiwango cha nchi ya mnunuzi, na kwa bidhaa isiyo na anwani ya kupelekwa, anwani ya malipo ndiyo inayokuambia nchi hiyo ni ipi. Nchi nyingine nyingi zina sheria za namna hiyo. Mimi nimebakiza jina, barua pepe na nchi, na mhasibu wangu ameridhika, lakini muulize wako.

Suala la kurudisha fedha ni fupi. Ukiibadilisha oda kuwa iliyorejeshewa fedha, viungo vyake hukoma kufanya kazi. Faili lililokwisha kupakuliwa hubaki kwa mteja. Hakuna mpangilio unaoweza kulirudisha, na ni vyema masharti yako ya mauzo yaseme hivyo waziwazi kabla ya mteja kulipa.

Yapo yasiyomo kabisa ndani ya kiini cha bure: namba za leseni kwa wanaouza programu, chapa ya jina la mnunuzi juu ya kila ukurasa wa PDF, usajili wa kila mwezi, na kalenda ya kuweka miadi. Yote yanapatikana kama nyongeza, nyingi zikilipiwa kila mwaka, na hapo ndipo ubure wa programu unapoishia kwa wengi. Mimi sikununua hata moja. Anayeuza programu zenye leseni aanze kuhesabu gharama hizo siku ya kwanza.

Nimejaribu pia huduma nyingine mbili za kuuzia mtandaoni, Shopify na Gumroad. Shopify hukuomba tu uondoe alama inayosema kwamba bidhaa ni ya kushikika, na mafaili huwasilishwa na programu yake ya ziada ya upakuaji, ambayo ni ya bure. Ni rahisi zaidi kuanza, ila unalipia duka lenyewe kila mwezi. Gumroad ilizaliwa kwa ajili ya mafaili, kwa hiyo swali la posta halikusumbui hata siku moja, na badala ya ada ya mwezi hukata sehemu ya kila mauzo. Mwenye bidhaa mbili au tatu za PDF na asiyetaka kusikia neno seva ningempeleka huko bila kusita. Niliyebaki na WooCommerce ni mimi mwenye PDF, karatasi, video na saa zangu mwenyewe ndani ya duka moja, na sijaona nyingine inayoviruhusu vyote vinne vikae pamoja kwa mpangilio ninaoweza kuukagua na kuubadilisha mwenyewe.

Kabla ya kutangaza bidhaa yoyote mpya, hutengeneza kuponi ya asilimia mia moja, nikatoka kwenye akaunti ya msimamizi, nikainunua kwa simu kama mgeni. Naangalia mambo manne: kama nimeombwa anwani ya kutuma, kama oda imejikamilisha, kama barua imefika kwenye kikasha cha kawaida, na kama kiungo kinafungua faili lililo sahihi. Mara ya mwisho mambo matatu ya kwanza yalikwenda sawa, na kiungo kikafungua mchoro wa suruali ya mtoto ndani ya bidhaa iliyoandikwa gauni la harusi. Hilo, bila shaka, lilikuwa kosa langu.